Tundu Katika Sauti ya Pili

Sisi tuliokua wakati betri za redio zilipokuwa zikianikwa juu ya bati ili zipate nguvu ya siku moja zaidi tunatambuana kwa dalili moja: hatuwezi kusikiliza muziki kutoka kwenye kifaa chochote bila kujiandaa kidogo, moyoni, kwa kukatika kwake. Nina simu ambayo haikatiki. Jioni nyingi mwaka huu, katika chumba changu cha kupanga mtaani Kwa Mrombo, imenionyesha orkestra za miji ya mbali, watu themanini waliovaa nguo nyeusi, kila fidla ikisikika kana kwamba imewekwa mezani pangu. Nami nimekaa kitandani nikisubiri ikatike. Haikatiki, na nimejiuliza mara kadhaa kama hilo ndilo linalonisumbua.

Niseme wazi kwa nini nimekuwa ndani kiasi hicho. Mwezi wa nane, tasnifu yangu ya uzamili inayohusu mwendo wa maji chini ya ardhi katika miteremko ya Mlima Meru ilirudishwa ikiwa na kurasa kumi na moja za maoni, na maoni ya kwanza yalitaka sura ya tatu iandikwe upya yote. Wenzangu waliorudishiwa za kwao walilia siku mbili, kisha wakaanza kusahihisha. Mimi sikulia. Niliacha kutoka. Niliacha hata mazoezi ya kwaya, ambako ninaimba sauti ya pili, kwa hoja ambayo wakati ule niliiona imekamilika: kwamba mtu asiye na uhakika na sura ya tatu hawezi kuwa na uhakika na noti yoyote. Nikawa msikilizaji wa matangazo. Katika kusikiliza huko ndipo alipoanza kunirudia Bibi Elinami, mama yake baba yangu, ambaye aliwahi kuufanya usikilizaji wa redio kuwa kazi ya mwili mzima.

Tulipokuwa wadogo, huko juu ya Tengeru, asubuhi ilikuwa na harufu tatu: moshi wa kuni mbichi, kahawa iliyokuwa ikikauka kwenye vichanja, na udongo uliolala na ukungu. Tulikwenda shule na kidumu cha maji mkono mmoja na fagio la matawi mkono wa pili, tukakimbia mchakamchaka tukiimba hadi koo zikakauka kabla ya hesabu ya kwanza. Mchana tulicheza rede kwa mpira wa soksi uliojazwa majani ya migomba, na aliyepigwa nao ukiwa umelowa alilikumbuka pigo hilo hadi jioni. Nyumbani palikuwa na makande, au loshoro, ule uji mzito wa mahindi na maziwa ya mgando ambao wapwa zangu wa leo wanauangalia kama dawa ya mifugo. Hatukuwa na mengi ya kuchagua, na kwa hiyo hatukuchelewa kuamua.

Tulikuwa pia na nyimbo ndefu. Hakuna aliyetuambia kwamba muziki ule uliitwa wa klasiki. Zilikuwa nyimbo za zamani sana za Ulaya, zilizotiwa maneno ya Kiswahili na walimu wa misheni kabla wazazi wetu hawajazaliwa, na kanisani kwetu ziliimbwa bila ala yoyote. Sauti ya nne ilianza, ya tatu ikaifuata, ya pili ikaingia kama mtu aliyechelewa lakini hana haraka, na ya kwanza ikaja juu ya zote. Noti ziliandikwa kwa do, re, mi kwenye karatasi zenye harufu ya wino wa mashine ileile iliyochapa mitihani yetu, kiasi kwamba hadi leo nikinusa wino huo nasikia hofu na furaha kwa pamoja. Mara moja kwa mwaka, Jumapili ya mwisho kabla ya Krismasi, saa kumi jioni, kwaya iliimba wimbo mrefu kuliko zote, karatasi kumi na nne mbele na nyuma. Watu walishuka na kupanda vilima kuja kuusikiliza.

Bibi aliuimba wimbo huo katika sauti ya pili kwa miaka thelathini na mmoja. Kisha magoti yakamkataa. Njia ya kutoka kwetu hadi kanisani ilikuwa mteremko wa utelezi ambao gari halikuufikia, na wajukuu wakubwa walipojitolea kumbeba kwa machela alitutazama mmoja mmoja.

"Machela ni ya wagonjwa na maiti," alisema. "Mimi ni sauti ya pili."

Mambo yangeishia hapo kama si desturi ya kwaya yetu. Kila mwimbaji alikuwa na mahali pake pa kusimama, na mahali hapo hapakujazwa na mtu mwingine isipokuwa kwa mambo matatu: kifo, kuhama, au barua ya mwenyewe ya kuachia nafasi. Bibi hakuwa amekufa, hakuwa amehama, na barua hakuandika. Basi katika mstari wa pili, kando ya nguzo, palibaki uwazi wa mtu mmoja. Ukikaa benchi la tatu uliuona vizuri, kama jino lililong'oka.

Mwalimu Mbise, kiongozi wa kwaya, mtu mwembamba aliyevaa koti la suti hata shambani, alipanda kwetu kila baada ya miezi michache kuiomba barua hiyo.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, Mwalimu. Umekuja kunisalimia au kunizika?"

"Kukusalimia, Mama. Na ile barua."

"Barua gani? Mimi sina mtoto Ulaya."

Mwalimu alicheka kwa adabu. Bibi alimimina chai, akamsogezea ndizi za kuchoma, akamwuliza habari za ng'ombe wake mmoja baada ya mwingine, na jua lilipoanza kuzama Mwalimu alishuka akiwa ameshiba na hana barua. Siku moja alijaribu njia ya moja kwa moja. Akasema, kwa upole, kwamba sauti ya pili imepungua, kwamba kuna watu wanaoweza kusaidia, na kwamba Mama mwenyewe anajua kwaya haiimbwi kutokea nyumbani.

"Nani kasema haiimbwi?" Bibi aliuliza. "Saa kumi mnaanza, saa kumi naanza. Kilichopo kati yetu ni mteremko tu."

Alikuwa akimaanisha hivyo hasa. Tangu mwaka ule alioacha kushuka, redio moja ya mjini ilikuwa imeanza kuutangaza wimbo wetu moja kwa moja. Gari lao lenye mlingoti lilisimama nje ya kanisa, nyaya zikapitishwa dirishani, na watoto wakakatazwa kuzikanyaga, jambo lililotufanya tuzikanyage. Nyumbani Bibi alijiandaa kuanzia Ijumaa. Betri nne zilianikwa. Waya wa antena ulifungwa kwenye mbuni ulioko nje ya dirisha, ukafunguliwa, ukahamishiwa mbuni mwingine. Siku yenyewe alioga, akavaa joho la kwaya la rangi ya damu ya mzee na kola nyeupe, akashika karatasi zote kumi na nne ingawa alizijua kwa moyo, akasimama mbele ya redio akiegemea meza. Saa kumi ilipofika aliimba. Aliimba sehemu yake yote, kwa sauti kamili, pale iliponyamaza sauti ya pili alinyamaza, na pale iliposhika noti peke yake aliishika hadi meza ikatikisika.

Mimi nilitumwa kanisani. Nilikuwa na kazi maalumu, na niliichukua kwa uzito ambao sijawahi kuupa kazi nyingine, nikiitoa labda sura ya tatu. Redio, Bibi alisema, inaleta sauti lakini haina macho. Kwa hiyo nilikaa benchi la tatu, nikatazama kila kitu, na wimbo ulipokwisha nilipanda mlima mbio kumpa taarifa. Nani aliingia mapema? Mwalimu alitoa kitambaa cha jasho mara ngapi? Wasikilizaji walisimama lini, wote pamoja au mmoja mmoja? Aliuliza akiwa bado amevaa joho, na swali la mwisho halikubadilika.

"Na mahali pangu?"

"Papo, Bibi. Hakuna mtu."

Hapo ndipo alipofungua kola.

Miaka miwili ilikwenda hivyo. Mwaka wa tatu nilikuwa na umri wa miaka kumi. Nilikaa benchi la tatu, waimbaji wakaingia kwa mstari, na kando ya nguzo akasimama Upendo.

Upendo alikuwa bibi harusi mgeni kijijini, ameolewa kutoka Kisongo miezi michache iliyopita, mrefu, mwenye haya, anayetembea akiangalia miguu yake. Baadaye nilijua kwamba waimbaji watatu wa sauti ya pili waliugua wiki hiyo, na Mwalimu Mbise, akiwa hana barua wala njia, alimweka pale kwa siku hiyo moja tu. Wakati ule sikujua. Nilijua tu kwamba mahali pa Bibi palikuwa na mtu, na kwamba mtu huyo alikuwa anaimba vizuri. Nakiri kwamba hili la pili ndilo lililoniumiza. Nilitaka awe mbovu. Badala yake sauti ya pili ilijaa kama ndoo iliyojazwa hadi ukingoni, na watu waliokaa karibu nami walianza kutazamana.

Nilipanda mlima polepole kuliko kawaida. Nilitunga taarifa tatu. Katika ya kwanza nilisema ukweli wote. Katika ya pili nilisema nilikaa nyuma ya mwanamume mwenye kofia kubwa, nikaona kwamba haitafaa kwa sababu wanaume hawavai kofia kanisani na Bibi angeuliza ni mpagani gani. Ya tatu ilikuwa fupi, nami niliichagua kwa ufupi wake. Hata hivi leo, ninapopima hoja zangu, huwa naishuku ile iliyo fupi.

Nilimkuta Bibi ameketi. Redio ilikuwa imezimwa. Kola ilikuwa imefunguliwa tayari, na hilo lingetosha kunionya kama ningekuwa na akili ya kuangalia. Aliniuliza habari za Mwalimu, nikamwambia kitambaa kimetoka mara nne. Aliniuliza habari za wasikilizaji. Kisha akauliza lile.

"Papo, Bibi," nilisema. "Hakuna mtu."

Nje, kuku walikuwa wakigombania kitu.

"Mke mwenzangu," Bibi akasema, kwa maana hivyo ndivyo alivyoniita tangu nikiwa mtoto mchanga, "kaa chini. Yule msichana anaitwa nani?"

Nilikaa. Nikaitazama redio, nikamtazama yeye.

"Upendo."

"Mke wa nani?"

Nikamwambia. Akatikisa kichwa, kama anayeoanisha uso na sauti.

"Sikiliza nikuambie," alisema. "Miaka miwili hii sauti ya pili ilikuwa na tundu. Wewe huwezi kulisikia, pengine hata Mwalimu halisikii, lakini mimi ndiye niliyekuwa naliziba hapa ndani, kwa hiyo najua ukubwa wake. Leo nimefungua mdomo, nikakuta limezibwa. Sikuwa na pa kuingilia."

"Ukafanya nini?"

"Ningefanya nini? Nilinyamaza. Nikakaa. Nikasikiliza." Aliziweka karatasi mezani, akazinyoosha kingo. "Unajua, miaka thelathini na mmoja pale, na miwili hapa, sijawahi kuusikia wimbo ule. Nilikuwa nasikia sauti ya pili na kelele za wengine. Leo nimeusikia wote."

"Ukoje?"

Aliigeukia redio, ingawa ilikuwa imezimwa.

"Ni mzuri," alisema, kwa sauti ya mtu aliyegundua kwamba jirani yake wa siku zote ana heshima zake. "Hawakutuambia kwamba ni mzuri hivyo."

Nilianza kulia, nadhani kwa sababu nilikuwa nimekamatwa. Bibi aliniacha nilie kiasi, kisha akanipa kona ya joho nijifute, jambo ambalo siku nyingine lingeniletea fimbo.

"Na wewe usinidanganye tena. Redio imeniambia pana mtu, na haina macho. Wewe unayo. Ukiona halafu usiseme, nina faida gani ya kukutuma kwenye matope?"

"Niliogopa utaumia."

"Nimeumia. Sasa kamlete kesho. Anavuta pumzi katikati ya neno, karatasi ya sita, siwezi kulala."

Upendo alikuja kesho yake amevaa khanga mbili, na chupa ya maziwa ameishika mbele kama ngao. Mama mkwe wake alikuwa amemweleza ni mahali pa nani aliposimama, na kwa maelezo hayo nadhani hakulala kabisa.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyekaa kwenye kiti changu?"

"Nilisimama tu, Bibi."

"Afadhali. Ungekaa ningekupiga." Kisha, Upendo alipoangalia mlango: "Natania. Magoti haya hayampigi mtu. Weka hayo maziwa, imba karatasi ya sita."

Upendo aliimba, akianza kwa sauti ndogo kama anayeomba chumvi kwa mgeni. Alipofika pale pa kosa Bibi aliinua kidole. Wakarudi. Akainua tena. Wakarudi mara tisa, nilihesabu, na mara ya kumi Upendo alipita bila kuvuta pumzi, akafika mwisho wa neno akiwa mwekundu machoni, na wote wawili wakacheka kicheko cha watu waliovuka mto. Ndipo Bibi akaimba naye. Hiyo ndiyo sauti ya pili iliyo bora kuliko zote nilizowahi kusikia, na hakuna aliyeirekodi. Walioisikia tulikuwa mimi na kuku.

Upendo alipoondoka Bibi aliniambia nichukue daftari. Barua ilikuwa ya sentensi mbili. Ilisema kwamba yeye, Elinami, anaachia mahali pake katika sauti ya pili, kando ya nguzo, kwa Upendo. Na kwamba Mwalimu asipunguze mwendo karatasi ya tisa kama alivyofanya jana. Alinitaka niisome mara mbili, akaweka sahihi yake kwa herufi alizozijenga moja moja, kama tofali. Mwalimu Mbise, mama yangu alinisimulia, aliisoma barua ile amesimama mlangoni pa kanisa, akaikunja, akaitia mfuko wa ndani wa koti, na Krismasi iliyofuata karatasi ya tisa ilikwenda kwa mwendo wake.

Krismasi nne zaidi Bibi alisikiliza akiwa ameketi. Joho alilivaa, ila hakuimba. Nikirudi aliuliza maswali yaleyale isipokuwa lile moja, na mahali pake akaweka jingine: "Upendo amefurahi?" Nilimjibu kwa ukweli. Mwaka mmoja nilimwambia hapana, alikuwa na uso mzito, na kumbe mimba ya kwanza ilikuwa imetoka wiki ile. Bibi alituma mtu akamwite. Walikaa pamoja mchana kutwa, na sidhani waliimba.

Huwa nalinganisha, ni kazi yangu kulinganisha. Enzi zile tamasha lilikuwa moja kwa mwaka na njia ya kulifikia ilikuwa matope. Leo matamasha hayana idadi na njia ni kidole. Mwezi uliopita mpwa wangu wa kidato cha tatu aliniambia amehudhuria onyesho la orkestra ya Ulaya. Nilimwuliza alikuwa wapi. "Kitandani, Shangazi." Alikuwa amelala chali, sikio moja lina kifaa, jingine linasikiliza mpira. Nilitaka kumcheka, nikakumbuka kwamba mwanamke niliyemheshimu kuliko wote alidai kitu hichohicho mbele ya mwalimu wake wa kwaya. Tofauti ni kwamba Bibi alioga kwanza.

Na mimi? Miezi minne hii nimesikiliza matangazo mengi kuliko aliyoyasikia Bibi maisha yake yote, nimevaa nguo za kulalia, na sijafungua mdomo. Nimekuwa nikijiambia kwamba nasikiliza wimbo wote, kama alivyousikia yeye siku ile aliponyamaza. Nimeichunguza hoja hiyo na haisimami. Yeye alinyamaza kwa kuwa pale palikuwa pamejaa. Katika kwaya yangu, nimetazama matangazo ya Jumapili kwenye simu, sauti ya pili wamebaki wanne bila mimi, na wimbo wa Krismasi unahitaji sita. Nimesikia wapi wanapungukiwa. Naweza hata kutaja mstari.

Inaniuma kwamba hakuna atakayeanika betri tena ili anisikie. Utangazaji umekuwa rahisi mno kiasi kwamba anayesikiliza hahitaji tena kujiandaa, na asiyejiandaa hachelewi kuondoka. Lakini waimbaji bado wanasimama kwa mistari, bado wanahitaji pumzi, na bado wanapungua mtu akikaa nyumbani. Hilo halijabadilika hata kidogo, na nalitegemea kuliko ninavyoitegemea sura ya tatu, ambayo, niseme pia, nimeandika upya kurasa zake tano wiki hii.

Juzi nilimwandikia katibu wa kwaya ujumbe mrefu. Nilieleza kutokuwepo kwangu tangu Agosti, sababu zake kwa mpangilio, mazoezi niliyoyakosa na tarehe zake, na nikauliza kama kwa kuzingatia hayo yote inafaa nirudi Jumamosi au nisubiri mwaka mpya. Alijibu neno moja: "Njoo." Nimelitazama neno hilo siku mbili, asubuhi na jioni, nikitafuta ndani yake lawama au huruma au sharti lililofichwa. Sijapata kitu. Mazoezi yanaanza saa tisa. Nitakwenda.